Kuongeza kipoozeo kwenye mtambo wa gongo: mambo ambayo mama na mlezi anapaswa kujua

Kwa ufupi

- Kipoozeo cha kurudisha mvuke, kinachofungwa juu ya pipa la gongo, huongeza ukali wa pombe. Hakiifanyi kuwa salama.
- Methanoli, ile pombe yenye sumu inayopofusha na kuua, haina rangi wala harufu ya kuitambulisha. Mtambo wa nyumbani hauwezi kukuhakikishia kwamba imetoka.
- Pombe ikizidi ukali, hushika moto upesi zaidi, na kiasi kidogo tu kinatosha kumdhuru mtoto.
- Mtu aliyekunywa gongo akianza kuona ukungu, kutapika au kuhema haraka, hata kama ni siku ya pili, mpeleke hospitali mara moja.

Kwa nini tunazungumzia jambo hili

Katika ziara za nyumbani nimekutana na akina mama wengi ambao ada ya shule, unga na sare za watoto vinatokana na pipa lililoko nyuma ya nyumba. Wengine hawapiki wenyewe. Anayepika ni mume, mama mkwe, au mpangaji wa chumba cha uani. Tanzania tunaiita gongo, Kenya ni chang'aa, Uganda ni waragi, na kusini mashariki mwa Kongo ni lutuku. Majina ni mengi, lakini njia ya kuipata ni moja: kuchemsha pombe iliyochachuka na kuupoza mvuke wake.

Siku hizi swali limebadilika. Kijana ameona video kwenye simu, au fundi wa kuchomelea amepita na bomba lake, akamwambia mama: "Tukiongeza hiki juu ya pipa, gongo yako itatoka safi kabisa, sumu yote inabaki chini." Mama naye ananiuliza, "Nesi, ni kweli?"

Makala hii inajibu swali hilo. Siandiki kama polisi, ingawa ujue kwamba Tanzania kupika gongo bila leseni ni kosa kwa sheria ya mwaka 1966, na Kenya sheria ya mwaka 2010 inataka mtengenezaji awe na leseni. Naandika kwa sababu mtambo ukibadilika, hatari iliyopo nyumbani nayo hubadilika, na wa kwanza kuipata mara nyingi ni mtoto.

Mtambo wa kawaida unafanyaje kazi

Pombe iliyochachuka, iwe ya sukari guru, ndizi, mabibo au nafaka, huwa na kilevi kidogo, kwa kawaida chini ya asilimia 15. Kinachobaki karibu chote ni maji. Ikiwekwa kwenye pipa na kuchemshwa, kilevi hutangulia kupanda kwa wingi zaidi kuliko maji, kwa sababu huchemka kwenye nyuzi joto 78 hivi, na maji huchemka kwenye nyuzi 100. Mvuke huo hupita kwenye bomba lililozamishwa kwenye maji baridi, hugeuka tena kuwa majimaji, na kudondoka kwenye chombo. Hayo matone ndiyo gongo.

Lakini mvuke haupandi ukiwa kilevi kitupu. Hupanda umechanganyika na maji. Ndiyo maana gongo iliyopikwa mara moja hutofautiana sana ukali kutoka nyumba hadi nyumba, na wapo wanaoirudisha kwenye pipa na kuipika mara ya pili ili ikolee.

Kipoozeo cha kurudisha kinafanya nini

Fikiria sufuria ya wali iliyofunikwa. Ukiinua mfuniko unakuta matone upande wa ndani. Ule ni mvuke uliogusa mfuniko wenye ubaridi, ukageuka maji, na maji hayo yakarudi kudondokea kwenye wali. Kipoozeo cha kurudisha hufanya kazi kwa namna hiyohiyo.

Kati ya pipa na bomba la kutolea, fundi husimamisha bomba refu. Juu yake huweka sehemu ya kupoza, mara nyingi bomba jembamba lililozungushwa na kupitisha maji baridi. Mvuke ukifika pale, sehemu yake hugeuka majimaji na kuteremka ndani ya bomba lilelile kuelekea kwenye pipa. Njiani majimaji hayo hukutana na mvuke mpya unaopanda. Maji, ambayo ni mazito kuchemka, hushuka zaidi, na kilevi, ambacho ni chepesi kuchemka, hupanda zaidi. Jambo hilo likirudiwa mara nyingi ndani ya bomba, kinachotoka juu huwa na maji machache sana.

Kwa hiyo fundi hakudanganyi akisema pombe itatoka kali. Mtambo wa namna hii, ukitengenezwa vizuri, unaweza kutoa pombe ya asilimia 80 au hata 90. Uongo, au tuseme kutojua, unaanzia kwenye neno "safi". Pombe isiyo na maji si lazima iwe pombe isiyo na sumu. Kilichoondolewa hapo ni maji, na maji hayakuwa sumu.

Je, kinaondoa methanoli?

Methanoli ni ndugu wa kilevi cha kawaida. Inafanana nacho kwa macho, kwa harufu na hata kwa ladha. Ndani ya mwili ini huigeuza kuwa asidi ya fomiki, na asidi hiyo huharibu mishipa ya macho na kuvuruga mwili mzima. Kiasi kidogo cha methanoli halisi, kama mililita 10, kinaweza kumpofusha mtu mzima. Mililita 30 zinaweza kumuua.

Inaingia kwenye gongo kwa njia mbili.

*Njia ya kwanza ni kuchachuka kwenyewe.* Matunda na maganda yake yana kitu kiitwacho pektini, ambacho hutoa methanoli kidogo wakati wa kuchachuka. Pombe ya sukari au nafaka huwa nayo kidogo sana. Pombe ya matunda huwa nayo zaidi.

*Njia ya pili ni mtu kuimimina.* Methanoli hutumika viwandani na kwenye vimiminika vya kusafishia na kuyeyushia rangi. Muuzaji asiye na huruma, au asiyejua, huichanganya ili pombe iwe nyingi na kali. Maafa makubwa yametokana na hili. Jijini Nairobi, Novemba 2000, zaidi ya watu 100 walikufa kwa pombe iliyochanganywa methanoli, na wengine wakapoteza macho. Mei 2014 zaidi ya watu 80 walikufa katika kaunti kadhaa za Kenya. Kusini magharibi mwa Uganda, mwaka 2010, makumi ya watu walikufa vivyo hivyo.

Sasa turudi kwenye kipoozeo. Wapishi wengi wanajua kumwaga kikombe cha kwanza, kwa kuwa methanoli huchemka mapema, kwenye nyuzi 65 hivi. Kumwaga kuna maana, kwani kikombe hicho pia hubeba vitu vingine vikali vinavyoumiza kichwa na tumbo. Lakini methanoli ikiwa imechanganyika na maji na kilevi, haiondoki yote kwenye kikombe cha kwanza. Nyingine huendelea kutoka kidogokidogo hadi mwisho wa mapishi.

Ni kweli viwanda vya pombe huweza kuitenga. Vina nguzo ndefu zenye hatua nyingi, vipimajoto kila sehemu, na maabara inayopima kinachotoka. Nyuma ya nyumba hakuna maabara. Moto wa kuni hupanda na kushuka, maji ya ndoo hupata joto, na hakuna anayeweza kukuambia ndani ya chupa hii mna nini. Tena kama malighafi uliyouziwa tayari imetiwa methanoli, kuipika upya kwenye mtambo wenye kipoozeo hakutaitengeneza. Huenda ukaikusanya tu pamoja na kilevi kwenye chupa ndogo zaidi.

Usitegemee pia kuiwasha kiberiti na kutazama rangi ya moto. Mchanganyiko wenye methanoli ya kuua unaweza kuwaka kama gongo nyingine yoyote.

Hatari ya vifaa vyenyewe

Kuongeza kipoozeo ni kuongeza chuma, viungio na vitu vya kujaza ndani ya bomba. Mvuke wa kilevi ni wa moto, na pombe iliyochachuka ina uchachu. Viwili hivi huchubua vitu na kuvibeba hadi kwenye chupa.

- Rejeta ya gari. Ni rahisi kuipata na inapoza vizuri, ndiyo maana mafundi huipenda. Rejeta nyingi za zamani zimeungwa kwa risasi, na ndani yake huweza kubaki dawa ya kupozea injini, ambayo nayo ni sumu. Risasi huharibu ubongo wa mtoto, tangu akiwa tumboni, na madhara hayo hayarudi nyuma.
- Viungio vilivyochomelewa kwa risasi. Bomba lenyewe linaweza kuwa zuri, lakini kiungio kikawa ndicho chenye sumu.
- Mabomba na mapipa yenye mipako ya zinki. Uchachu huyeyusha zinki, na mnywaji hutapika na kuumwa tumbo.
- Mapipa yaliyobeba dawa za mimea au kemikali. Hayasafishiki kwa maji ya moto na sabuni, hata yakioshwa mara kumi.
- Mipira na plastiki. Pombe kali huvilainisha na kunyonya vilivyomo.
- Vijazio vya ndani ya bomba. Waya wa kusugulia sufuria huota kutu na kushikamana. Ukiziba, tunakwenda kwenye hatari inayofuata.

Moto, kupasuka na moshi

Hapa ndipo kipoozeo hubadilisha mambo zaidi, na ndipo ningependa usome polepole.

*Kuziba.* Mtambo wa kawaida una njia moja pana ya kutolea mvuke. Ukiweka bomba lililojazwa vitu, njia inakuwa nyembamba. Povu la pombe au machicha yakipanda, au waya ukishikamana, mvuke hukosa pa kutokea. Pipa lililozibwa mfuniko kwa unga au udongo huweza kufyatuka na kumwaga uji unaochemka. Anayeungua ni aliye karibu, na mara nyingi ni mama anayechochea moto akiwa na mtoto mgongoni.

*Maji kuisha baridi.* Kipoozeo kinahitaji maji baridi muda wote, kwa saa nyingi, kwa kuwa sehemu ya mvuke hurudishwa na mapishi huchukua muda mrefu zaidi. Tunaotegemea ndoo na mabomba ya zamu hatuna maji hayo. Maji yakipata joto, mvuke hupita bila kupoa na kutoka nje ukiwa bado mvuke wa kilevi. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hivyo hushuka na kutambaa chini hadi kwenye jiko lilelile linalochemsha pipa.

*Pombe yenyewe kushika moto.* Pombe ya asilimia 5 haiwaki kwenye joto la kawaida la chumba. Ya asilimia 40 huanza kutoa mvuke unaoweza kushika moto kwenye nyuzi joto 26 hivi, na ya asilimia 95 kwenye nyuzi 17 hivi. Sasa fikiria mchana wa Tanga, Mtwara au Dar es Salaam, ambako chumba huwa na nyuzi 30. Chupa iliyo wazi karibu na kibatari tayari ni hatari. Moto wa pombe kali tena hauonekani vizuri juani, na mtoto anaweza kuukaribia bila kujua.

*Moshi.* Wengine hupika chumbani ili wasionekane. Kuni na mkaa kwenye chumba kisicho na hewa hutoa gesi isiyo na harufu inayolevya na kuua watu usingizini. Kipoozeo kinachorefusha mapishi kwa saa kadhaa hurefusha pia muda wa kuvuta moshi huo.

Gongo kali na mtoto mdogo

Watoto hunywa kwa sababu kitu kinafanana na maji na kiko kwenye chupa ya maji. Hebu tufanye hesabu ndogo.

Mtoto wa mwaka mmoja ana uzito wa kilo 10 hivi. Akimeza vijiko viwili vya chakula, yaani mililita 30, vya gongo ya asilimia 40, amemeza mililita 12 za kilevi kitupu. Akimeza kiasi hichohicho cha pombe ya asilimia 80, amemeza mililita 24. Hicho ni karibu kilevi chote kilichomo kwenye chupa ya bia ya nusu lita, ndani ya mwili wa kilo 10. Kiasi hicho kinaweza kumzimisha na kumsimamishia pumzi.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Kwa mtoto mdogo, kilevi hushusha sukari kwenye damu. Mtoto anayeonekana amelala tu "pombe iishe" anaweza kuwa anaishiwa sukari, na akaanza degedege. Usimwache alale. Mpeleke kituo cha afya.

Kwa sababu hiyo hiyo, usimpake mtoto gongo kwenye fizi anapoota meno, usimpe kijiko cha gongo kwa mafua au minyoo, na usimkande kwa gongo akiwa na homa. Ngozi ya mtoto mchanga hunyonya, na mvuke wake huvutwa.

Mimba na kunyonyesha

Hakuna kiasi cha pombe kilichothibitishwa kuwa salama kwa mjamzito. Kilevi hupita kwenye kondo la nyuma hadi kwa mtoto na kinaweza kuharibu ubongo na ukuaji wake. Pombe iliyoongezwa ukali hufanya "glasi moja tu" iwe glasi mbili au tatu bila wewe kujua. Ukiwa na mimba, usiwe mwonjaji wa mtambo. Kuonja ndiko kunakowafikishia wapishi wengi kilevi bila kuhesabu.

Anayenyonyesha naye ajue kwamba kilevi hupita kwenye maziwa. Na asilale kitanda kimoja na mtoto akiwa amelewa, kwani anaweza kumlalia bila kuhisi.

Dalili za hatari na la kufanya

*Mtu mzima aliyekunywa pombe asiyoijua*

Sumu ya methanoli haionekani mara moja. Mara nyingi dalili huanza saa 12 hadi 24 baada ya kunywa, na zaidi ya hapo kama alikunywa pamoja na pombe ya kawaida. Watu hudhani ni uchovu wa ulevi. Angalia:

1. Kuona ukungu, weupe kama theluji au giza
2. Maumivu makali ya kichwa na ya tumbo, kutapika
3. Kuhema haraka na kwa nguvu
4. Kuchanganyikiwa, degedege au kupoteza fahamu

Ukiona moja tu kati ya hizi, usingoje. Mpeleke hospitali, si duka la dawa. Beba chupa aliyokunywa. Sema wazi alikunywa nini na saa ngapi, kwa maana tiba inategemea ukweli huo. Waliokunywa naye wote wapelekwe pia, hata kama wanajisikia vizuri.

Usimtapishe. Usimpe maziwa wala kahawa ukidhani vinakata sumu. Na usimpe gongo nyingine. Ni kweli hospitali hutumia dawa iitwayo fomepizoli, au pale isipokuwepo, kilevi safi kwa kipimo, ili kulizuia ini lisiigeuze methanoli kuwa asidi. Lakini hufanya hivyo ikipima damu na kumwangalia mgonjwa saa zote, pengine pamoja na kumsafisha damu kwa mashine. Nyumbani jambo hilo humchelewesha tu.

*Mtoto aliyekunywa*

Mwondolee chupa, mfute mdomo. Kama yuko macho na anameza vizuri, mnyonyeshe au mpe maji yenye sukari kidogokidogo mkiwa njiani. Kama amezimia au analegea, usimwagie kitu mdomoni. Mlaze kwa ubavu, hakikisha anapumua, na mkimbize kituo cha afya. Akipata degedege, usimtie kijiko mdomoni.

*Aliyeungua*

Ondoa nguo na vitu vya kubana, isipokuwa vilivyogandamana na ngozi. Mwagia maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Kisha funika kwa kitambaa safi na umfunike mwili asipate baridi. Usipake dawa ya meno, mafuta, yai wala majivu. Mtoto aliyeungua usoni, mikononi, sehemu za siri, au eneo kubwa kuliko kiganja chake, lazima aonwe hospitali.

Pombe ikiwaka chomboni, ifunike kwa mfuniko au blanketi lililoloweshwa, au imwagie mchanga. Usiirushie kikombe cha maji, maana hutawanya moto. Kama umeshika nyumba, toeni watoto kwanza. Kwa Tanzania, namba ya Zimamoto ni 114 na ya dharura ni 112.

Kama nyumbani kwako kuna mtambo

Njia salama kabisa ni kuacha, nami nitakuunga mkono ukitafuta njia nyingine ya kipato. Lakini najua uamuzi huo haupo mikononi mwako siku zote. Haya unaweza kuyafanya leo:

- Kataa kipoozeo cha kurudisha. Ukali unaoongezeka haulipi hatari inayoongezeka.
- Weka mpaka. Chora mstari au weka kamba hatua kumi kutoka kwenye moto, na mtoto asivuke. Usichochee ukiwa na mtoto mgongoni.
- Usihifadhi gongo kwenye chupa za maji au soda. Tumia chombo kisichofanana na cha kinywaji, kiwe juu, kwenye kisanduku chenye kufuli, mbali na jiko na kibatari.
- Mwaga mabaki ya glasi usiku uleule. Watoto huamka mapema kuliko wageni.
- Ondoa rejeta, mabomba ya zinki na mapipa ya dawa. Kama umekuwa ukiyatumia, mweleze mhudumu wa kliniki ya mtoto ili aangalie ukuaji na damu yake.
- Usinunue "spiriti" ya kuongezea, hata ukiambiwa ni ya hospitali.
- Usipikie ndani ya chumba mnacholala.

Maswali ninayoulizwa mara kwa mara

*Je, kipoozeo cha shaba ni salama?*
Shaba safi ni afadhali kuliko rejeta, lakini haiondoi methanoli, wala haizuii moto au kuziba.

*Nikiongeza maji kwenye pombe kali, si inarudi kuwa ya kawaida?*
Ukali unashuka. Risasi au methanoli iliyomo haiondoki, imesambaa tu. Na hadi unapoiongeza maji, tayari umekaa na kitu kinachowaka kama petroli ndani ya nyumba.

*Naweza kuitumia kusafishia kidonda au kitovu cha mtoto?*
Hapana. Huunguza ngozi, na hujui kilichomo. Kidonda kioshwe kwa maji safi na sabuni. Kitovu kiachwe kikavu na safi, au kipakwe dawa uliyopewa kliniki.

*Mume wangu hanisikii nikimwambia.*
Usianze na sheria, wala na dini. Anza na mtoto. Mwonyeshe hesabu ya vijiko viwili. Nimeona wanaume waliokataa mahubiri yote wakinyanyuka wenyewe kwenda kufunga chupa kabatini. Ukihitaji, mwombe mhudumu wa afya wa jamii afike nyumbani mzungumze pamoja.

Neno la mwisho

Fundi akija tena na bomba lake, muulize maswali matatu: Nani atapima kilichomo kwenye chupa? Maji baridi ya saa nyingi yatatoka wapi? Na mtoto atakuwa wapi wakati wote huo? Kama hana majibu, bomba hilo arudi nalo. Na usiogope kuja kliniki kwa sababu ya kazi unayofanya. Ukituambia ukweli mapema, tunapata nafasi ya kumsaidia mtoto.